Kasuku wa Kijani na Udi wa Mama

Kuna saa fulani ya alasiri, baada ya swala na kabla watoto wa madrasa hawajatoka, ambayo nyumba yetu ya Bagamoyo husinzia yenyewe. Jua huingia kwa dirisha la uani, hupanda ukuta taratibu, likifika kwenye tundu la ndege husimama. Mimi huwa kwenye cherehani, mguu juu ya pedeli, nusu macho nusu usingizini. Mama yuko mkekani na ungo wake wa mchele. Na kasuku anasaga mdomo, kru, kru, kru, kama wafanyavyo ndege wa aina yake wakiwa wameshiba, wameridhika, na wanataka kulala. Nikiikumbuka miaka ile huikumbuka saa hiyo tu, kana kwamba mambo yote yalitokea ndani yake. Baba alikufa, mama akakaa eda, akatoka eda, na jua bado liko palepale kwenye tundu.

Sikumpenda ndege yule. Niseme mapema nisije nikaonekana mtu mwema.

Baba alikuwa fundi wa friji na mafeni. Alikuwa akitengeneza mafriji ya nyumba moja ya wageni kule ufukweni, na mwenyewe, bibi wa Kizungu aliyezeekea hapa hapa, akawa anarudi kwao. Kasuku hakuweza kusafiri naye. Kulikuwa na karatasi fulani zilizokosekana. Ndege huyo alikuwa akimng'ata kila mtu pale, ila baba alipopiga magoti kufungua mashine za friji, yeye humpandia begani akatulia akimtazama anavyofanya kazi. Basi akapewa baba. Akaja nyumbani na ndege, na daftari la shule, na furaha ambayo, kwa maneno ya mama, hakuwa nayo hata siku niliyozaliwa mimi.

Hakuwa yule kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu anayejulikana na kila mtu. Huyu alikuwa kijani kitupu, kisogoni ana manjano kama mtu aliyemwagikiwa binzari, na asili yake ni misitu ya Amerika ya Kati, ng'ambo ya bahari nyingine kabisa. Mtaani wakasema amepakwa rangi. Shangazi, dada yake baba, mwanamke asiyeamini kitu mpaka akiguse, alilowesha ncha ya mtandio wake akamsugua ubawa. Rangi haikutoka. Kidole chake ndicho kilichotoka damu.

Daftari lile bibi aliliandika mwenyewe, kwa Kiswahili chake kizuri chenye herufi za kulala. Ndege ana miaka thelathini na kitu. Anaweza kufika sitini, kwa hiyo fikirini nani atamrithi. Asipewe parachichi hata kipande, litamuua. Asipewe chumvi, wala chai, wala chokoleti. Alizeti kidogo tu, maana akiachiwa atakula hizo peke yake mpaka awe na tumbo la mfanyabiashara. Apewe mchicha, boga, karoti, papai, hindi bichi. Apewe pilipili, hazimwashi. Aogeshwe, anapenda mvua. Apewe vijiti vya kutafuna, la sivyo atatafuna milango. Asikae jikoni, moshi wa mkaa ni mbaya kwake, na dawa za mbu za kuwasha au kupuliza msitumie karibu yake.

Baba aliposoma kwamba ndege ana miaka thelathini na kitu, alinitazama. Nilikuwa na ishirini na nane, nimerudi kwa wazazi wangu na cherehani yangu baada ya ndoa kuvunjika, sitaki utani na mtu.

"Basi kaka yako huyu," akasema. "Mwamkie."

"Nimwamkie ndege?"

"Shikamoo haikatai mtu."

"Mtu, baba. Mtu."

Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo kila asubuhi alimwambia kasuku kwa sauti ya kunifikia chumbani, "Subiri tu mzee, huyu mtoto siku moja atakupa heshima yako."

Alimjengea tundu kubwa kwa rafu za mafriji mabovu, akazichomelea moja baada ya nyingine, na ndani akaweka matawi ya mpera yenye magome yake. Jiko la mkaa likahamishiwa uani kwenye kibanda. Dawa za mbu zikapigwa marufuku, tukajifungia kwenye vyandarua. Tulilifuata daftari lile kama watu wanaotaka kusifiwa. Na kasuku alichangamka. Asubuhi jua likitoka alipiga makelele ya robo saa, na jioni vilevile, ndivyo walivyo, wanaitana msituni kabla ya kutawanyika na kabla ya kulala. Na kwa kuwa hakuwa na mwenzake wa kumwitikia, alipokewa na honi za bajaji barabarani, akajifunza kuziiga. Mvua ikinyesha alining'inia kichwa chini kwenye tundu, mabawa wazi, akipiga kelele za mtoto anayeogeshwa. Macho yake ndiyo yaliyonishangaza. Akifurahi, au akikasirika, mboni hufinywa ikawa kichwa cha sindano, kisha hupanuka, kisha hufinywa tena, haraka haraka. Baba alinifundisha: macho yakicheza hivyo na mkia ukifunguka kama kipepeo cha kupepelea jiko, ondoa mkono. Nilijifunza kwa kuchelewa. Nina kovu kwenye kidole cha shahada, na fundi cherehani bila kidole cha shahada ni hasara tupu, kwa hiyo tuliheshimiana kwa mbali.

Ndege wa aina hii huchagua mtu mmoja. Alimchagua baba. Na baba alitaka kitu kimoja tu kutoka kwake. Kwa miaka yote ya ndoa yao baba aliingia nyumbani kwa maneno yaleyale, akiwa bado yuko mlangoni, kwa kikohozi kidogo cha mbele: "Hodi wenyewe! Mpo?" Na mama, popote alipo, "Tupo. Karibu mwenye nyumba." Ulikuwa utani wao wa tangu ujana, siujui ulianzaje. Sasa baba akataka kasuku aseme hodi. Akirudi kazini alisimama mbele ya tundu na mkoba wa spana begani, akakohoa, akasema hodi mara mbili, mara tatu, polepole. Kasuku alimsikiliza kichwa upande, mboni zikicheza. Alisema honi ya bajaji. Alisema mlango wa friji. Hodi hakusema.

Lazima sasa niseme habari za udi.

Mama ni mpishi wa udi, na nasema mpishi kwa sababu udi wetu hupikwa: sukari inayeyushwa, vipande vya udi na sandali vinachanganywa humo na marashi, kisha unaachwa ukauke. Wa mama ulikuwa na jina mji mzima. Bibi harusi wa Bagamoyo aliyefukizwa udi mwingine alionekana kama ameolewa kwa haraka. Alhamisi jioni alitia makaa kwenye chetezo chake cha udongo, akatupia udi, akapita nacho chumba kwa chumba, akainua mapazia, akafungua makabati, akafukiza shuka, mito, kanzu za baba, nywele zangu nikitaka nisitake. Nikiwa nje ya mji, nikifunga macho, nyumbani ni harufu ile. Na baba alipompenda ndege kiasi kile, mama naye akampenda kwa njia yake. Alikisimamisha chetezo chini ya tundu kwa dakika chache zaidi.

Mwaka wa pili kasuku akaanza kupiga chafya. Kisha sauti ikamkauka. Hata honi ya bajaji ikawa ya bajaji iliyoishiwa. Akanyamaza. Alikaa amejifurisha manyoya, jicho moja limefumbwa, na mkia wake ulipanda na kushuka kila alipovuta pumzi. Shangazi akasema ni jicho la watu, wamemtazama sana, wanamhusudu. Mama akaongeza ubani, wa kumkinga, asubuhi na jioni.

Baba alimwita bwana mifugo, kijana mpole, alivua viatu mlangoni. Alisema kweli tupu kwamba yeye ni wa kuku na mbuzi, lakini pafu la ndege ni pafu la ndege. Alimtazama puani, akamsikiliza mgongoni. Kisha akageuka.

"Mama, humu ndani mnachoma kitu chochote?"

"Hatuchomi kitu, baba," mama akamjibu. "Jiko liko nje. Dawa ya mbu hatutumii. Tunafuata daftari."

Bwana mifugo akatikisa kichwa kuafiki, akavuta pumzi, akasema, "Kweli, nyumba inanukia vizuri, mashallah." Akaandika dawa ya kutia kwenye maji, akanywa chai, akaenda zake. Chetezo kilikuwa nyuma ya pazia, hatua tatu kutoka alipokaa, na makaa yake yalikuwa bado hayajazimika. Hakuna aliyedanganya. Nilikuwepo, nilisikia swali, na mimi mwenyewe ningejibu vilevile. Kwetu moshi ni ule unaotoka jikoni na kukuliza macho. Udi ni udi.

Miaka mitatu ndege alikaa bubu. Baba hakuacha kumpigia hodi. Kisha msimu mmoja wa kiangazi alirudi kazini mapema, akasema kifua kimembana, akalala kidogo, hakuamka. Alizikwa kabla ya alasiri ya kesho yake.

Mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, nguo zisizo na urembo, hakuna hina, hakuna marashi, hakuna udi. Mama hafanyi mambo nusu nusu. Siku ya tatu, wageni walipopungua, alikusanya chetezo, mikebe ya udi, ubani, chupa za marashi, akavifunga kwenye kanga kuukuu akaniambia niviweke juu ya kabati. Nyumba ikabaki inanuka mbao na chumvi ya bahari, kama nyumba ya watu wengine.

Na kasuku akabaki kwangu. Nilimchukia zaidi wakati ule, kwa sababu alikuwa amesimama kwenye ukingo wa tundu akiangalia mlango, na mimi sikutaka kumwona mwingine anayeangalia mlango. Lakini ndege hali huzuni, anakula mchicha, na mtu lazima akaukate. Nikaanza. Nilimkatia boga, nikamtundikia pilipili mbuzi kwa uzi wa cherehani, nikambadilishia matawi ya mpera. Nilimwogesha kwa ile chupa yangu ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi. Mara ya kwanza alinitolea mkia wote. Mara ya kumi akafungua mabawa. Mchana mmoja, nusu usingizini, nilijisikia nikisema "Shikamoo" nilipofungua mlango wa tundu, kisha nikakaa kwenye kiti changu nikalia, maana aliyekuwa akiisubiri shikamoo hiyo hakuwepo.

Sikuona anavyopona, mambo hayo hayaonekani siku kwa siku. Chafya ziliisha. Manyoya yakalala. Honi ya bajaji ikarudi, kwanza ya kukwaruza, kisha safi. Niliona ni kazi ya mikono yangu, ya mchicha na maji, nikajivuna kidogo.

Mwezi wa tatu wa eda, saa yetu ile ya usingizi, mvua ndogo iko uani, mama kajinyoosha mkekani kafumba macho. Nikasikia kikohozi kidogo mlangoni.

"Hodi wenyewe! Mpo?"

"Tupo," mama akasema, macho yake bado yamefumba. "Karibu mwenye nyumba."

Cherehani ikasimama. Mvua iliendelea. Mama akafumbua macho, akautazama mlango, akanitazama mimi, kisha sote wawili tukageuka kwenye tundu. Kasuku alikuwa ameinama, mboni zinacheza, mkia wazi. Akasema tena, kwa sauti ya baba yote, hata ule uchovu wa mwishoni wa mtu aliyebeba mkoba wa spana.

Sijui niliogopa au nilifurahi. Nadhani vyote. Mama aliketi, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika. Alipoifunua nikaona anacheka na machozi yanamtoka. Toka siku hiyo aliishi kwa saa ile. Kasuku alisema hodi kila alasiri, na mama aliitika kila alasiri. Shangazi aliposikia alikuja mbio, akaipokea hodi ya kwanza kwa kupiga kelele, kisha akakumbuka cheo chake.

"Wifi, uko eda. Unaitikia hodi ya mwanamume?"

"Mume wangu huyo."

"Ndege huyo!"

"Basi kama ndege, eda imeharibika wapi?"

Shangazi akautupa mtandio begani akaenda zake. Na kesho yake alikuja tena, saa ileile, akakaa karibu na tundu na kidole chake chenye kovu mapajani, akimsubiri kaka yake.

Siku ya kutoka eda nyumba ilijaa wanawake. Walimwogesha mama, wakamvisha nguo mpya, wakasoma dua, na mikebe ikashushwa juu ya kabati. Chetezo kikawashwa. Mama alisimama juu yake, kanga imemfunika yeye na chetezo, na alipotoka humo alikuwa mama yangu ninayemjua. Nilimwona anarudi duniani. Wiki hiyo alipika udi mpya, wa harusi mbili, na nyumba ikanuka nyumbani.

Siku ya tatu kasuku akapiga chafya. Siku ya tano hodi ilitoka imepasuka, nusu yake. Siku ya saba alijifurisha manyoya akafumba jicho moja, na mkia ukawa unapanda na kushuka.

Nilikuwa na chaki ya fundi mkononi, nakata suruali ya mtu. Nikausikia moyo wangu unapiga. Alianza kuugua lini? Mama alipoanza kumsimamishia chetezo. Akazidiwa lini? Ubani ulipoongezwa. Akapona lini? Nikatazama juu ya kabati, pale mikebe ilipokaa eda nzima na sasa patupu, nikatazama chini ya tundu, pale chetezo kilipokuwa kikifuka taratibu, kizuri, kinanukia.

Nikasema bila adabu, kwa haraka, kama mtu anayetaka kuonekana ndiye aliyegundua. "Mama, ni udi. Udi ndio unaomuua."

"Udi?"

"Ni moshi, mama. Na huo nao ni moshi."

Alikitazama chetezo. Niliona akihesabu kama nilivyohesabu mimi, ila hesabu yake ilikwenda mbele zaidi ya yangu, ikafika mahali ambapo sikuwa nimepafikiria.

"Miaka mitatu," akasema. "Anarudi amechoka, anasimama pale, anampigia hodi mara tatu tatu. Anangoja. Na mimi huku namfukizia." Akashika kinywa. "Alikufa hajaisikia. Mimi ndiye niliyemnyamazisha."

Alilia kilio ambacho eda nzima hakukilia. Raha yangu ya kuwa nimepatia iliishia hapo. Nilimwambia hatukujua, nilimwambia hata bwana mifugo alisifu harufu, nilimwambia na mimi nilikuwepo swali lilipoulizwa. Hayo yote ni kweli na hayakumsaidia. Baadaye alinyanyuka, akachukua chetezo kwa kitambaa, makaa yangali yanawaka, akatoka nacho barabarani mchana kweupe hadi nyumbani kwa shangazi.

Hakikurudi. Udi wa maharusi anaupika uani kwa shangazi mpaka leo, na kabla ya kuingia kwetu huoga huko na kubadilisha nguo. Shangazi alimwambia watu watasema hajatoka eda. "Waseme," mama akajibu. Lakini najua ilimgharimu. Wageni walioingia kwetu walivuta pumzi, wakasita, wakamwangalia usoni kama wanaotafuta ugonjwa. Ijumaa yeye, aliyewafukiza nusu ya wanawake wa mji huu, aliondoka nyumbani ananuka sabuni tu.

Bwana mifugo alikuja tena. Safari hii tulimwambia. Alinusa mkono wa shati lake mwenyewe, akasema na kwao wanachoma. Akatupa dawa. Nilimtoa kasuku uani kila manyunyu yalipoanguka, nikamkatia papai, nikamsemesha. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Mama hakuuliza kitu, ila saa ile ikifika aliacha ungo, mikono juu ya mchele, akangoja. Nilijua anachokingoja si ndege. Alikuwa anangoja kusamehewa, na nikaogopa kwamba hatasamehewa.

Wiki ya nne, jua lilipanda ukuta likafika kwenye tundu. Nilikuwa napinda ukingo wa baibui. Kasuku akatikisa manyoya yote, akajinyoosha ubawa na mguu wa upande mmoja, akakohoa kikohozi kidogo.

"Hodi wenyewe! Mpo?"

Nzima. Safi. Mama akafungua kinywa aitike, na kabla hajatoa neno, kasuku akageuza kichwa upande wa pili, akasema kwa sauti ya mama, laini, ya mtu aliyejinyoosha mkekani na macho yamefumba:

"Tupo. Karibu mwenye nyumba."

Kasuku alianza upya, hodi na karibu, hodi na karibu, baba na mama, wala hakuacha nafasi katikati. Bibi yule aliandika kwamba ndege atafika sitini, kwamba tufikirie nani atamrithi. Nikafikiria siku ambayo hata sauti hii ya pili haitakuwa na mwenyewe, nikatamani nisifikirie.

"Haya," mama akasema mwishowe, taratibu. "Keshakaribishwa." Akauinamia ungo wake, akaendelea kuchambua mchele.

Mimi nikakanyaga pedeli kwa nguvu nisimtazame. Nilishona mshono mrefu sana, na nilipofika mwisho nikaona hakuna kitu chini ya sindano. Baibui lilikuwa limeshaanguka sakafuni.